Wafanyabiashara wa Butembo na pointi za ndege: nani anakaa daraja la kwanza?

Ndani ya ndege kubwa za A380 za kampuni ya Emirates, abiria wa daraja la kwanza ana chumba chake kidogo chenye mlango, kiti kinachogeuka kitanda, na bafu ya kuogea huku ndege ikiwa angani. Tikiti ya namna hiyo kati ya Dubai na Guangzhou inaweza kumaliza mtaji wa mchuuzi mdogo wa vitenge. Hata hivyo, duniani wako watu wa kipato cha kawaida ambao wamekalia kiti hicho kwa mara ya kwanza bila kutoa pesa nyingi mfukoni. Walilipa kwa pointi walizokusanya kidogo kidogo.

Wafanyabiashara wa Butembo na Beni wamekwenda Dubai na Guangzhou kwa miaka mingi kutafuta vitenge, vipuri vya pikipiki, simu na vifaa vya ujenzi. Wako ambao kwa wingi wa safari zao wangestahili kukaa mbele. Lakini wanakwenda na kurudi kwenye viti vya nyuma, na pointi zao zinapotea njiani. Swali hili si la anasa. Ni la pesa ambazo zimekwisha kulipwa, na ambazo sehemu yake ingeweza kumrudia aliyezilipa.

Pointi ni pesa, si zawadi

Mpango wa pointi unaojulikana zaidi ulianzishwa na kampuni ya American Airlines mwaka 1981. Wazo lilikuwa jepesi: abiria anayerudi kwa kampuni ile ile anaandikiwa maili alizosafiri, na zikifika kiasi fulani anapewa tikiti au kiti bora zaidi. Baadaye kampuni nyingi zilianza kuhesabu pesa alizolipa abiria badala ya umbali aliokwenda.

Thamani ya mipango hiyo ilionekana wazi wakati wa Korona. Mwaka 2020, ndege zikiwa zimeegeshwa, kampuni ya United ya Marekani ilipata dola bilioni 6.8 kwa kuweka rehani mpango wake wa pointi. Hakuna anayekopesha mabilioni kwa rehani ya zawadi. Benki hununua pointi kutoka kwa kampuni za ndege na kuwagawia wateja wanaotumia kadi zao za mkopo. Kwa hiyo Wamarekani wengi wanaoingia daraja la kwanza kwa pointi hawakuzipata angani. Walizipata dukani na kwenye kituo cha mafuta.

Mlango huo umefungwa kwa mfanyabiashara wa Butembo. Yeye analipa kwa dola za mkononi. Kwake imebaki njia moja tu ya kupata pointi: kusafiri kweli.

Mahali pointi zinapovujia

Safari ya kwenda Asia kwa wengi inaanzia barabarani: Beni, Kasindi, mpaka wa Mpondwe, Kampala, kisha uwanja wa Entebbe. Toka hapo kuna Emirates kupitia Dubai, Ethiopian Airlines kupitia Addis Ababa, Kenya Airways kupitia Nairobi, na RwandAir kupitia Kigali. Kila moja ina mpango wake: Skywards, ShebaMiles, Asante Rewards na Dream Miles. Kujiandikisha ni bure.

Tundu la kwanza ni kwenye agensi. Tikiti inanunuliwa Kampala au Butembo, mara nyingi na mtu mwingine, na hakuna anayeuliza kama msafiri ana nambari ya uanachama. Nambari isipoandikwa, pointi haziingii kwa mtu yeyote. Zinaweza kudaiwa baada ya safari, lakini kwa kawaida ni ndani ya miezi michache tu, na lazima uwe na nambari ya tikiti na kipande cha karatasi ya kupandia ndege. Wengi hukitupa kabla hawajatoka uwanjani.

Tundu la pili ni majina. Kwa Wanande mtoto hupewa jina kufuatana na nafasi yake ya kuzaliwa: Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, au Masika kwa msichana wa kwanza. Ndani ya ndege moja wanaweza kukaa Kambale watatu wasiojuana. Tena pasipoti ya Kongo ina jina, jina la pili, na jina la ubatizo, na kila agensi huyapanga inavyotaka. Kompyuta ya kampuni ya ndege haijui desturi hiyo. Inataka jina la kwenye tikiti lifanane kabisa na la kwenye uanachama. Likipinduliwa au kukatwa, pointi hukataliwa.

Tundu la tatu ni kutawanya. Leo Emirates kwa sababu imeshuka bei, kesho Ethiopian, keshokutwa nyingine. Mtu anajikuta na pointi chache katika mipango minne, na hakuna hata mmoja unaofikia tikiti. Na pointi nyingi zina umri. Za Skywards, kwa mfano, hufa baada ya miaka mitatu kama hazikutumika.

Kilo kuliko kitanda

Kuna jambo ambalo wanaotamani daraja la kwanza wanapaswa kulijua. Ethiopian na Kenya Airways hazina daraja hilo. Mbele ya ndege zao ni daraja la biashara, lenye kiti cha kulala na chakula kizuri, lakini si vile vyumba vya Dubai. Emirates yenyewe ilibana mlango mwaka 2025: mwanachama wa ngazi ya chini haruhusiwi tena kutumia pointi kukata tikiti ya daraja la kwanza. Nafasi hiyo imebaki kwa ngazi za Silver, Gold na Platinum, maana yake wanaosafiri mara nyingi.

Kwa mchuuzi, hiyo si habari mbaya sana. Faida kubwa ya uanachama kwake inaweza kuwa kilo, si kitanda. Ethiopian imo katika muungano wa Star Alliance tangu 2011, na abiria mwenye ngazi ya Gold katika muungano huo anaruhusiwa mzigo wa ziada: kilo 20 pale mzigo unapohesabiwa kwa kilo, au begi moja zaidi pale unapohesabiwa kwa mabegi. Anayerudi na sampuli za vitenge au simu anajua kilo 20 zinagharimu kiasi gani kaunta ya uwanja wa ndege.

Lakini hesabu iwe sawa. Anayeongeza dola 150 kwenye tikiti ili tu apate pointi za kampuni fulani amekula hasara. Na tikiti ya pointi si bure kabisa, kwani kodi za viwanja na ada nyingine hulipwa kwa pesa taslimu.

Daraja la kwanza la Beni

Wako watakaosema ni aibu kuzungumzia viti vya kulala angani wakati watu wanazikwa Oicha, Mbau na vijiji vya Lubero. Neno hilo lina uzito. Ila linaonyesha pia kwamba hapa Beni daraja la kwanza lina maana nyingine.

Ndege ndogo zinazotua Mavivi hazina pazia. Aliye mbele na aliye nyuma wanakalia kiti kile kile. Tofauti ya madaraja iko chini, kati ya anayeweza kulipa tikiti na yule anayepita barabara ya kitaifa nambari 4 ndani ya lori, akiomba Mungu asikutane na ADF. Kwa wakaaji wengi, kuruka juu ya msitu ndiyo anasa yenyewe.

Pengo hilo limepanuka. Juni 2024 waasi wa M23 waliingia Kanyabayonga, na njia ya Butembo kwenda Goma ikakatwa na uwanja wa vita. Mwisho wa Januari 2025 waliteka Goma, na uwanja wake wa ndege, uliokuwa mlango mkubwa wa jimbo, ukafungwa kwa ndege za abiria. Serikali ya jimbo ilihamia Beni. Mji ukawa makao ya gavana, lakini uwanja wa Mavivi haukugeuka Goma kwa siku moja.

Na kuruka nako si usalama kamili. Tarehe 24 Novemba 2019, ndege ndogo aina ya Dornier 228 iliyokuwa ikitoka Goma kuja Beni ilianguka juu ya nyumba za watu muda mfupi baada ya kupaa. Wote 19 waliokuwa ndani walikufa, pamoja na wakaaji waliokutwa chini. Tangu mwaka 2006, kampuni za ndege zilizopewa kibali na Kongo zimewekwa kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya zile zisizoruhusiwa kuingia anga yake. Ndiyo maana dola za safari ndefu huishia kwa kampuni za majirani, na pointi huzifuata.

Hata hivyo abiria wa Kongo anachangia. Go-Pass ilianzishwa mwaka 2009 kwa dola 10 safari za ndani na dola 50 safari za nje, ili viwanja vitengenezwe. Anayeilipa Mavivi haandikiwi pointi, lakini ana haki ya kuuliza dola zake zimejenga nini pale: njia ya kurukia, taa, gari la zimamoto, kivuli cha kungojea.

Air Congo, iliyoanza kuruka Desemba 2024, ni ya serikali kwa asilimia 51 na ya Ethiopian Airlines kwa asilimia 49. Ushirika huo unawapa wakaaji wa mashariki jambo la kudai: Beni na miji mingine isiyofikiwa na barabara salama iunganishwe na safari ndefu kwa tikiti moja, jina moja na uanachama mmoja.

Kabla ya hapo, mfanyabiashara anaweza kuanza na kilicho mikononi mwake. Achague kampuni moja au mbili, ajiandikishe kwa jina kama lilivyo kwenye pasipoti, aiambie agensi nambari yake kabla ya kulipa, na atunze kipande cha karatasi mpaka pointi zionekane. Viongozi nao wana kazi yao. Siku mchuuzi wa Butembo atakapolala kwenye kiti cha mbele kwenda Guangzhou, atafurahi. Lakini ataanza safari hiyo kwa kupita barabara ya Kasindi, na huko hakuna kiti kinachonunuliwa kwa pointi.