Samaki Mzima, Maji Yana Stima

MSOMAJI mmoja, mwanafunzi wa chuo anayeishi Kangemi, ameuliza swali ambalo huenda limewasumbua wengi wanaofuga samaki wa urembo nyumbani. Kila anapotia mkono ndani ya tangi kuokota majani yaliyooza, vidole humchonyota, na mara moja mkono mzima ulishtuka. Samaki wake, hata hivyo, wanakula na kucheza kama kawaida. Ikiwa maji yana stima, auliza, mbona samaki hawafi?

Swali zuri, na jibu lake huenda likaokoa maisha. Uzima wa samaki si ushahidi kwamba maji ni salama kwa binadamu. Mtazame ndege anayetua juu ya waya wa stima. Hadhuriki kwa sababu miguu yake yote imo katika waya mmoja, na umeme haupati njia ya kumpitia kwenda kwingine. Samaki naye amezungukwa na kioo, na kioo hakipitishi umeme. Hita ikipata ufa, maji yote hupata umeme, lakini hauna pa kutokea.

Sasa njoo wewe, umesimama pekupeku juu ya sakafu ya simiti, pengine yenye majimaji. Ukizamisha mkono tu, mwili wako unakuwa daraja la umeme kutoka kwenye tangi hadi ardhini. Kwa hivyo ewe mwanafunzi, usitie mkono tena. Zima stima ukutani, chomoa kila kitu, na hita yenye ufa uitupe. Haizibwi kwa gundi wala kwa utepe.

Wakazi wa Mombasa wanaweza kufuga samaki wa maji ya joto bila hita. Sisi wa Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na usiku wa Julai baridi hufika nyuzi 12 au chini yake. Samaki wengi wa nchi za joto hutaka maji ya nyuzi 24 hadi 27. Ndiyo sababu matangi ya Westlands, Kileleshwa na Kawangware huwa na hita, pampu na taa, vyote vikitegemea stima kando ya maji. Asiyetaka hita na afuge samaki wa dhahabu, ambao huvumilia baridi.

Wengi hudhani fyuzi iliyo ndani ya plagi itawaokoa. Hapana. Hita ya wati 100, kwa stima yetu ya voti 240, hutumia chini ya nusu ampia, ilhali plagi nyingi zina fyuzi ya ampia 13. Umeme unaozidi sehemu 30 kati ya 1,000 za ampia moja, ukipita kifuani, waweza kuvuruga mapigo ya moyo. Fyuzi ya ampia 13 haikatiki hata kiasi hicho kikizidi mara 400. Kazi yake ni kuzuia waya usiungue, wala si kumlinda mtu.

Kinga ya kweli ni swichi ambayo mafundi huiita RCD. Hiyo hukata stima mara tu inapovuja sehemu hizo 30. Ina kitufe cha majaribio. Kibonyeze angalau kila baada ya miezi mitatu uone kama inazima. Mpangaji, muulize mwenye nyumba kama ipo, na kama waya wa ardhini, ule wa kijani na manjano, umeunganishwa sawasawa. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na petroli nchini.

Kuna pia tabia yetu ya kutumbukiza kalamu katika tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie. Tundu hilo ndilo la waya wa ardhini. Kalamu hufungua vizuizi vilivyowekwa kulinda vidole vya watoto, na plagi hulegea na kupata moto.

Wengine hununua mita ya kupimia umeme Luthuli Avenue, wakaizamisha majini na kuona voti kadhaa, wakababaika. Pampu na taa zaweza kuifanya mita isome voti hata pasipo uvujaji wa hatari. Lakini mita ikisoma sufuri leo, hita yaweza kupasuka kesho. Usiifanye mita kuwa kibali cha kutia mkono. Na samaki wakifa katika tangi jipya, chunguza kwanza amonia inayotokana na kinyesi na chakula kilichobaki, kabla ya kulaumu stima.

Waya wa kila kifaa uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuingia ndani yake, ili maji yanayotiririka yadondoke sakafuni. Soketi ya kurefusha isilale chini ya tangi. Ifunge ukutani, kando. Unapobadilisha maji, zima hita na ungoje kama dakika 15, kwani kioo chenye moto kikikutana na hewa au maji baridi hupasuka.

Jambo la mwisho twalijua sote: stima hupotea. Watu wengi huona huo ndio wakati mzuri wa kuosha tangi. Ole wao ikirudi mkono ukiwa majini! Hata kukiwa giza totoro, chomoa plagi kwanza. Wafunze watoto na yaya vivyo hivyo, maana aghalabu wao ndio hulisha samaki wazazi wakiwa kazini.

Mtu akinaswa, usimshike. Zima swichi kuu. Ukishindwa, simama mahali pakavu umwondoe kwa mti mkavu. Asipopumua, anza kumkandamiza kifua huku mwingine akipiga 999 au 112. Hata akiinuka na kusema hana neno, mpeleke hospitali, kwani moyo waweza kuvurugika baadaye.