Joto Halipimwi kwa Jicho (Sehemu ya 4)

Mama zangu, kila siku kliniki nawagombeza: usiniambie "mtoto wa moto sana" kwa kumshika paji la uso, niletee namba ya kipimajoto. Mnanuna, lakini mnanunua. Leo ni zamu ya wenye karakana za kuyeyusha skrepa, na nyie mnisaidie kuwagombeza, maana wanaovuta ule moshi ni waume zenu.

Majuzi usiku kaletwa kijana anatetemeka, homa 39, kifua kinabana, anasema mdomoni ana ladha kama kalamba sarafu. Mkewe kasimama pembeni, mtoto mgongoni. Tukapima malaria, hakuna. Nikamuuliza mchana alifanya nini. Kumbe siku nzima alikuwa anayeyusha koki za zamani za shaba ya njano na vipande vya mabati. Hiyo ni homa ya moshi wa zinki. Inakuja saa kadhaa baada ya kazi, na mara nyingi inaisha yenyewe ndani ya siku 1 au 2. Ndiyo maana tajiri wake kila mara alimwambia, "Malaria hiyo, meza dawa." Na akapona, na tajiri akaonekana daktari!

Sasa sikiliza. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi. Ikifika 907 inachemka, na mvuke wake ukikutana na hewa unakuwa ule moshi mweupe kama unga. Anayeyeyusha zinki tupu hana sababu hata moja ya kukaribia 907. Viwandani, matangi ya kuchovyea mabati yanakaa kwenye 450 hivi. Shaba ya njano ndiyo yenye kazi: ina zinki ndani, na haimwagiki bila moto mkali. Basi hiyo ndiyo inataka kipimo kuliko zote, na paa lililo wazi.

Watasema fundi mzoefu anaona rangi ya moto. Kwenye jua la saa saba mchana, rangi ipi? Ukishauona moshi mweupe umechelewa, uko kifuani tayari. Kipimo kipo, kinaitwa themokapo: nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha, ndani ya ala yake, mita inakusomea. Namba ikizidi, punguza feni inayopuliza makaa. Tena ule moshi ni zinki aliyoinunua kwa kilo!

Na skrepa haiji na zinki peke yake, risasi nayo huwemo. Kule Kabwe, Zambia, waliyeyusha risasi na zinki hadi 1994, na mpaka leo watoto wanakutwa na risasi kwenye damu. Najua, ule ulikuwa mgodi mkubwa, msinijibu hivyo hapo chini. Mapafu ya mwanao hayajui ukubwa wa mgodi.

Leo baba akirudi, muulize: "Kazini kwenu joto la tanuru mnalipima na nini?" Akianza kutetemeka usiku, mpeleke kituoni, mtaje alichokuwa anayeyusha. Pumzi ikibana, msisubiri kuche.

Sehemu ya 5 ni nguo zake za kazi, na kwa nini usizifue beseni moja na nepi.