Mafaili Makubwa Yawekewe Mpaka

Intaneti ya ofisi ni mali ya wote wanaoitumia. Mtumishi mmoja wa Tarime au Mugumu akivuta faili zito mchana bila kipimo, wenzake hubaki wakingoja: taarifa ya zahanati haiondoki, malipo ya mwananchi hayapiti. Huo ni ubinafsi, hata kama kazi yenyewe ni halali.

Mizigo ya siku hizi ni mikubwa. Kati ya mwaka 2010 na 2013, kamera 225 zilizotegwa Serengeti kwa ajili ya utafiti wa wanyama zilipiga picha milioni 3.2. Nazo njia ni chache. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipopata hitilafu baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, taifa zima lilionja upungufu. Ndugu zetu wa Ukerewe na Rukuba wanalielewa jambo hili: chombo kikiwa kimoja, anayekijaza mizigo yake huwaacha wenzake ufukoni.

Dawa ipo, wala hainunuliwi. Wanaohamisha mafaili kwa amri za kuandika hawana budi kuweka kipimo. Programu za wget na curl hutumia --limit-rate na kiasi cha 100k; rsync hutumia --bwlimit=100. Hapo mwendo hauzidi takriban kilobaiti 100 kwa sekunde. Wenye kutumia scp wajihadhari: -l yake huhesabu kilobiti, hivyo mwendo huo huandikwa 800. Gigabaiti 1 itachukua karibu saa 3. Ikianza saa 4 usiku, alfajiri imekwisha kufika, na hakuna aliyedhulumiwa.

Diski nayo ina haki yake. Ikijaa, kumbukumbu mpya za wananchi hazipati pa kukaa. Nafasi ipimwe kwanza kwa df -h, kisha rsync ipewe --max-size ili iyaache mafaili yaliyozidi kiasi. --quota ya wget isitegemewe kwa faili moja, kwani hailikatizi.

Kwa hiyo tunawataka wakurugenzi wa halmashauri za Tarime na Serengeti, na wenzao wenye visiwa, waitoe kanuni hii kwa maandishi na kuisimamia: mizigo mizito iende usiku, tena kwa kipimo. Israfu ya mali ya umma haikubaliki, iwe ya mafuta ya gari au ya mtandao.