Kabla hujabeba hilo gunia, uliza kuna nini ndani

Wewe unayeamka saa kumi alfajiri kwenda kusimama langoni mwa godauni, leo nina neno na wewe. Na kama si wewe, basi ni kaka yako, jirani yako wa ploti, ama yule mliyesoma naye akakosa karo. Ukipita Enterprise Road ama Lunga Lunga Road kabla jua halijachomoza utatuona: vijana wamejipanga nje ya lango, kitambulisho mkononi, macho kwa nyapara. Anachagua kwa kidole. Wewe, wewe, na wewe wa kofia. Wengine rudini kesho.

Ukichaguliwa, utaangaliwa mabega. Hakuna anayekuuliza kama unaweza kusoma kibandiko kilicho kwenye pipa.

Msimamo wangu ni huu: hakuna kibarua anayefaa kugusa mzigo hatari kabla hajafunzwa, hata kama ameitwa kwa siku moja tu. Na namaanisha kabla ya gunia la kwanza, si baada ya ajali ya kwanza.

Siongei kwa kusikia. Nilipoacha chuo, godauni ndiyo ilinilisha kwa miezi kadhaa. Siku moja tulikuwa tunapakua ndoo za klorini ya unga, ile ya kusafisha maji ya vidimbwi vya kuogelea. Ndoo moja ikaanguka, ikapasuka, unga mweupe ukatapakaa sakafuni. Harufu ilitupanda puani mpaka machozi yakatutoka. Nyapara akapaza sauti: "Mwagieni vumbi la mbao mfagie, hatuna siku nzima!" Nilikuwa tayari nimeshika beleshi. Mzee mmoja aliyekuwa akiandika hesabu ya mizigo akanishika mkono. "Kijana, weka hiyo chini. Ukichanganya hizo vitu mbili utatuchoma sisi wote."

Akatuonyesha kibandiko ambacho tulikuwa tumekipita asubuhi nzima. Umbo la almasi, rangi ya njano, mwali wa moto juu ya duara. Alama hiyo, akasema, ni ya kitu kinachoulisha moto oksijeni. Kikikutana na mbao, mafuta ama matambara machafu, moto unaweza kuanza bila mtu yeyote kuwasha kiberiti. Kumbe lile vumbi la mbao tulilozoea kumwagia kila kitu lilikuwa kuni! Mzee alikuwa amefunzwa hayo miaka mingi nyuma akifanya kazi bandarini. Sisi vijana, na nyapara wetu, hakuna aliyekuwa akijua.

Tulipona kwa sababu Mzee hakuwa ameomba ruhusa siku hiyo. Uhai wa watu haufai kutegemea kama Mzee amekuja kazini.

Na elimu yenyewe si uchawi. Umoja wa Mataifa uligawa bidhaa hatari katika makundi 9, na kila kundi lina alama yake, ileile Mombasa, Nairobi ama Shanghai. Rangi ya chungwa ni vilipuzi. Nyekundu yenye mwali ni kitu kinachowaka, kama petroli ama gesi. Buluu yenye mwali ni kitu kinachotoa gesi ya kuwaka kikiguswa na maji, kwa hivyo ndoo ya maji unayoikimbilia inaweza kuwa adui yako. Njano ni ile ya Mzee. Fuvu la kichwa ni sumu. Mkono na chuma vikimwagikiwa na kitu ni asidi na jamaa zake, vinavyokula ngozi. Kundi la 9 ndilo lenye betri za lithiamu, zile za simu na za pikipiki za umeme. Betri ya aina hiyo ikidondoka na kuumia, inaweza kuwaka saa kadhaa baadaye, nyinyi mkiwa mmeshafunga godauni na kuenda zenu. Halafu kuna nambari ya tarakimu nne inayotaja kitu chenyewe. UN 1203, kwa mfano, ni petroli.

Umesoma aya hiyo kwa dakika moja. Tayari unajua zaidi ya nilivyojua nikiwa nimeshika lile beleshi.

Ukidhani natia chumvi, kumbuka Sitakunda, Bangladesh. Usiku wa Juni 4, 2022, moto ulizuka katika bohari ya makasha karibu na Chittagong. Ndani ya baadhi ya makasha kulikuwa na hidrojeni peroksaidi, kemikali ya familia ileile ya njano. Wazimamoto walifika wakaanza kuumwagia maji moto ambao walidhani ni wa kawaida. Wakuu wao walisema baadaye kwamba hawakuwa wameambiwa kuna kemikali humo. Makasha yakalipuka. Watu zaidi ya 40 walikufa, wazimamoto wenyewe wakiwemo. Mtu mmoja tu anayejua kilichomo, mwenye ujasiri wa kukitaja kwa sauti, angebadilisha mambo mengi usiku huo.

Hapa kwetu, usiku wa Februari 1, 2024, Embakasi iliwaka kwa gesi. Watu walifariki, mamia wakaumia, nyumba na magodauni yakateketea. Mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo mwaka wa 2023. Sitakudanganya kwamba mafunzo ya kibarua yangezuia tajiri kukaidi sheria. Lakini usiku ule ulituonyesha kitu kimoja: moto wa mzigo hatari hauishii kwa ukuta wa godauni. Unakuja mpaka kitandani kwako.

Sasa, kuna jambo linaloniudhi sana. Kasha likiwa bandarini, kanuni za kimataifa za bidhaa hatari za baharini zinataka kila anayelishughulikia nchi kavu awe amefunzwa kulingana na kazi yake. Hilo limekuwa lazima tangu 2010. Mzigo wa ndege nao, wanaoushughulikia hurudia mafunzo kila miezi 24. Lakini kasha lilelile likifika godauni ya mtaani na kufunguliwa, linashikwa na msee aliyeokotwa langoni saa moja iliyopita, amevaa sandali. Je, kemikali ilipunguza makali njiani?

Mwajiri atakuambia: "Huyu leo yuko, kesho hayuko. Nimfunze wa nini?" Naelewa. Mwenye godauni ndogo hawezi kulipia kozi ya watu ambao hatawaona tena. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 haijamwachia mlango huo. Inasema inahusu kila mahali pa kazi, mtu awe hapo kwa muda ama kwa kudumu. Inamtaka mwajiri atoe maelezo, mafunzo na usimamizi. Hakuna mahali imeandikwa "isipokuwa vibarua."

Tena pesa hazijakosekana kabisa. Waajiri hutozwa ushuru wa mafunzo, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, unaoenda kwa mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA. Mimi naona njia rahisi: mafunzo yamfuate mtu, yasimfuate mwajiri. Kijana afunzwe asubuhi moja alama, mavazi ya kujikinga, nini kisiwekwe kando ya nini, na la kufanya kitu kikimwagika. Apewe kadi. Kadi hiyo aende nayo lango lolote. Dereva wa foklifti, karani wa stoo na nyapara wasome zaidi, kwa sababu amri zao ndizo zinazoua ama kuokoa. Tunajua kufanya hivyo. Anayekupikia chapati hotelini anahitaji cheti cha afya. Makanga anahitaji beji. Kwa nini anayebeba asidi ahitaji misuli pekee?

Lakini tusiwalaumu matajiri peke yao, bana. Sisi wenyewe tuna makosa. Msee akivaa glavu tunamcheka, tunamwambia anajifanya. Akiuliza swali tunamwambia "kazi ni kazi, beba twende." Tunaogopa, na woga huo una sababu: nje ya lango kuna wengine hamsini wanaotaka nafasi yako. Njaa inauma leo, kansa itauma kesho, na kesho iko mbali. Nimekuwa hapo. Nilirudi kazini siku iliyofuata ile ya klorini, kwa sababu kodi ya nyumba haikuwa inasubiri.

Kwa hivyo sikuambii ususie kazi ulale njaa. Nakuambia uliza maswali matatu kabla ya kubeba. Ndani kuna nini? Kikimwagika, tunafanya nini? Maji na mlango wa kutokea viko wapi? Usiulize peke yako, mtaonana wabaya na nyapara. Ongeeni nyinyi watatu ama wanne mkiwa bado langoni, muulize pamoja, kwa adabu. Ukiona hatari, sheria ile ile inakutaka uripoti kwa msimamizi wako, na inamkataza mwajiri kuwalazimisha kurudi mahali penye hatari kubwa kabla hajarekebisha. Na kama umeshajua kusoma alama, mfunze aliye kando yako. Mzee hakulipwa hata ndururu kwa kunishika mkono.

Nawe mwenye godauni, ukisoma hapa kwa bahati: anza kesho. Chapisha alama za hayo makundi 9, zibandike langoni, na umpe mtu anayezielewa dakika ishirini kila asubuhi kabla mizigo haijaguswa. Hiyo haitoshi, lakini ni zaidi ya unachofanya leo. Hasara ya dakika ishirini utaisahau. Ile ya godauni nzima hutaisahau, wala akina mama watakaokuja langoni kuuliza watoto wao wako wapi.

Kazi ni kazi, ndiyo. Lakini mtu hutoka nyumbani kwenda kazini ili arudi na unga. Asirudi akiwa ndani ya gunia.