Mali Bila Daftari Huisha Bila Habari

Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo kila apitaye Kisugu huliona, lakini wachache hulifikiri: jinsi tunavyolinda mahali panapojengwa nyumba.

Mtaa wetu uko chini ya kilima cha Muyenga, katika tarafa ya Makindye. Juu kilimani kuna majumba yenye kuta ndefu na mbwa wakali. Chini, upande wa Namuwongo, watu wamebanana karibu na reli. Katikati ya hayo nyumba mpya huchomoza kila siku. Leo kiwanja kina migomba, kesho kimezungushwa mabati, keshokutwa lori la mchanga limefunga njia. Hayo ni maendeleo, wala hakuna mwenye akili atakayeyachukia. Lakini palipo na saruji, nondo, mbao na nyaya, na vijana wengi wasio na kazi, wizi nao haukosi.

Watu wengi husema dawa ni moja: inua ukuta, leta mbwa, ajiri askari mwenye bunduki. Nami nasema ukuta ni dawa ya mwisho, si ya kwanza. Nitaeleza kwa nini.

Likizo moja nilifanya kibarua cha kuchota maji na kubeba matofali katika saiti iliyo karibu na kwetu, nipate kumsaidia mama kwa karo. Mlinzi alikuwa mzee mmoja mwenye rungu na tochi. Alilinda usiku saba kwa juma, na mshahara wake wa miezi miwili ulikuwa haujalipwa. Asubuhi moja ikasemekana kuwa mifuko 12 ya saruji haipo. Kabla jua halijapanda, watu walikuwa wamemkamata kijana aokotaye vyuma chakavu, wakaanza kumpiga kwa mbao. Yule mzee akaingia katikati, akapokea mapigo mawili yasiyokuwa yake, akasema, "Wanangu, mkimwua huyu, saruji itarudi?" Watu wakapoa, na kijana akapona.

Baada ya siku nne ukweli ukajulikana. Mifuko ile haikuibiwa usiku hata kidogo. Ilitoka mchana, kwa mlango wa mbele, ndani ya lori lililoleta mchanga, na aliyeiuza dukani ni msimamizi wa mafundi mwenyewe. Hakuna aliyeandika ni mifuko mingapi iliyoingia, wala mingapi iliyotumika. Nilipomwuliza mzee alionaje jambo hilo, alinijibu, "Mwanangu, usiku mimi nalinda lango. Mchana nani hulinda?"

Swali hilo limenikaa moyoni mpaka leo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ukuta humzuia mtu wa nje. Hauwezi kumzuia mwenye ufunguo.

Kwa hiyo kufuli la kwanza la saiti ni daftari. Kila mfuko uingiao uandikwe, kila mfuko utokao stoo uandikwe, na watu wawili watie sahihi: mtunza stoo na fundi aliyeupokea. Jioni mwenye jengo au mtu wake ahesabu mabaki. Kazi hiyo haihitaji bunduki, wala haizidi nusu saa kwa siku.

Mtu mmoja aliniambia, "Saruji ya tajiri ikiibiwa, wewe maskini wapata hasara gani?" Jibu langu ni hesabu ndogo. Zege la nguzo huchanganywa mara nyingi kwa kipimo cha 1:2:4, yaani saruji kipimo kimoja, mchanga viwili, kokoto vinne. Sasa katika kila mifuko mitatu toa mmoja, uuze dukani, na mchanga na kokoto ubaki vile vile. Vipimo 3:6:12 vimekuwa 2:6:12, ndiyo kusema 1:3:6. Hilo ni zege la kumwaga chini ya sakafu, si la kubeba ghorofa. Kwa macho nguzo itapendeza, na baada ya lipu hakuna atakayejua. Lakini watakaolala chini yake ni sisi wapangaji, si mwizi.

Nchi yetu imekwisha kuona majengo yakianguka. Mwaka 2004 hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, katika njia ya Entebbe, iliporomoka ikaua watu. Mwaka 2008 udongo wa shimo la msingi uliwafukia wafanyakazi katikati ya Kampala, barabara ya Lumumba. Sisemi kwamba chanzo cha misiba hiyo kilikuwa wizi. Nasema kwamba uzembe ni ukoo mmoja, na wizi wa saruji ni mtoto wa ukoo huo. Bunge lilitunga Sheria ya Udhibiti wa Majengo mwaka 2013, ikaundwa na bodi ya taifa ya kuangalia ujenzi. Ni jambo jema. Hata hivyo mkaguzi hawezi kulala katika kila stoo.

Kufuli la pili ni askari mwenyewe. Twamdai awe macho usiku kucha, kisha mchana twamtuma kuchota maji. Twamkabidhi mali ya mamilioni ya shilingi, nasi twashindwa kumlipa kwa wakati. Mtu mwenye njaa akilinda chakula, ni nani wa kulaumiwa? Apewe kibanda kisichovuja, tochi yenye betri, simu yenye salio, na mwenzake wa kupokezana.

La tatu ni uzio na mashimo. Uzio wa mabati si kwa ajili ya mwizi tu. Mvua za Machi na za Septemba zikianza, mashimo ya misingi hujaa maji, na watoto wa jirani huyageuza bwawa la kuogelea. Ulinzi unaohesabu nondo na kusahau watoto si ulinzi. Shimo lifunikwe au lizungushiwe, na lango lifungwe mafundi waondokapo.

La nne ni majirani. Mwenye jengo ajitambulishe kwa mwenyekiti wa LC One tangu siku ya kwanza, na vibarua wengine achukue papo hapo mtaani. Kijana anayepata riziki yake katika jengo hilo atapiga kelele akiona mtu akiruka uzio usiku. Na mwizi akikamatwa, apelekwe polisi. Najua wengine watacheka, watasema polisi watamwachia kesho. Labda. Lakini yule kijana wa vyuma chakavu hakuwa na kosa, na laiti angekufa pale, hakuna mahakama ambayo ingemrudishia mama yake mwana.

Sasa nawageukia ninyi wanafunzi wa zamani. Wengine wenu mmekuwa wahandisi, wengine makandarasi, wengine mnajijengea nyumba zenu wenyewe. Mlifundishwa hapa kuandika na kuhesabu. Basi nawaomba, kabla hamjanunua mbwa, nunueni daftari. Na kabla hamjamfukuza mlinzi, angalieni siku ya mwisho mliyomlipa. Nasi tulio bado madarasani, likizo zikija na tukipata vibarua, tuwe wale wasiofumba macho lori linapotoka na kitu kisichoandikwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kisugu kuta tunazo nyingi. Tuanze na nyufa.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Kisugu