Ng'ombe Auzwe kwa Ajili ya Kura?

Juma lililopita nilimkuta jirani yangu hapa Githongo ameketi kando ya kituo cha kupimia majanichai, kikapu kitupu miguuni, machozi yakimlengalenga. Kisa? Mwanawe, aliyemaliza kidato cha nne miaka mitatu iliyopita, anataka ng'ombe wa maziwa auzwe ili apate pesa za kuwania udiwani.

"Mama, shamba halitanifikisha popote," alimwambia. "Kiongozi hatoki kwenye matope."

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mizengo Pinda wa nchi jirani ya Tanzania. Bwana huyu alizaliwa mwaka 1948 upande wa Mpanda, katika familia ya wakulima. Hata alipokuwa waziri mkuu, kuanzia 2008 hadi 2015, hakuona haya kujiita "mtoto wa mkulima". Jina hilo likamganda.

Lakini jina silo lililompandisha, msomaji. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1974. Akaajiriwa serikalini, akawa msaidizi katika ofisi ya Rais Julius Nyerere, na baadaye ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Kati ya 1996 na 2000 alikuwa karani wa Baraza la Mawaziri, kazi ya kusikiliza mengi na kusema machache. Alipochaguliwa mbunge mwaka 2000, alikuwa na umri wa miaka 52! Edward Lowassa alipojiuzulu mwaka 2008 kwa sababu ya kashfa ya Richmond, Rais Jakaya Kikwete akamteua Pinda.

Mwaka 2015 aliomba tikiti ya CCM ya kuwania urais, akaikosa. Je, alibaki akitangatanga? La. Alikuwa na shamba lake huko Zuzu, Dodoma.

Sisemi kijana asiwanie. Haki hiyo anayo. Lakini na aanze kwa kuhudumu: kamati ya maji ipo, ya shule ipo, na wakulima wa majanichai wanahitaji wa kuwasemea. Watu wakimjua kwa kazi, hatahitaji kuwanunua.

Nilimshauri mama huyo asiuze. Kura huja mara moja kwa miaka mitano. Maziwa huja kila asubuhi, na wadogo wa kijana huyo bado wanakwenda shule.

Nawe mzazi, mwanao akikujia na ombi kama hilo, utamjibuje?