Mikono Miwili kwenye Usukani

Ukurasa wetu wa safari leo unaanza na aibu yetu wenyewe.

Juma lililopita tulikuwa sita ndani ya Land Cruiser moja, tukitoka Masisi kushuka Sake na jibini na mifuko ya maharage. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Shofere wetu alikuwa kijana mwenye adabu. Hata mizigo alitusaidia kupandisha. Lakini tangu tulipoondoka, mkono wake wa kushoto ulikaa dirishani, na wa kulia ulishika usukani pale juu kabisa, kidole gumba kikiwa kimezungushwa ndani. Simu ikilia, mkono wa dirishani ndio uliipokea. Tulipokwisha kupita Mushaki, pale njia inapotelemka, gurudumu la mbele likaingia katika mfereji uliochimbwa na malori. Usukani ulizunguka wenyewe, ukamponyoka, na gari likaelekea bondeni. Tuta la udongo ndilo lilitusimamisha. Hakuna aliyeumia isipokuwa yeye: kidole kile kilivimba hata hakuweza kubadilisha vitesi.

Tuliposhuka tukitetemeka, kila mmoja alikiri kwamba alikuwa ameona. Sita tumeona, sita tumenyamaza. Tulikuwa tumelipa nauli kamili, na mmoja wetu alikuwa na mtoto mgongoni.

Basi tulikwenda kumuuliza mzee mmoja aliyeendesha malori miaka mingi kwenye njia ya Walikale. Alichukua sahani, akaishika mbele yetu kama usukani. Fikirieni uso wa saa, akasema. Mkono wa kushoto kwenye namba 9, wa kulia kwenye namba 3. (Mama mmoja akauliza: ni namba iliyoandikwa au saa tunayoitaja sisi? Tukacheka, kwa sababu mshale ukiwa kwenye 9 sisi tunasema saa tatu, na ukiwa kwenye 3 tunasema saa tisa. Ukichanganya, mikono bado inarudi palepale!) Zamani shule za kuendesha zilifundisha 10 na 2, maana usukani ulikuwa mkubwa na mzito, na mtu alihitaji kuuvuta kwa nguvu kutoka juu. Siku hizi magari mengi yana mfuko wa hewa uliofichwa katikati ya usukani. Gari likigonga, mfuko huo unafumuka kabla hujapepesa jicho, na mkono uliopita juu yake unarushwa usoni mwako. Mikono ikiwa pembeni, mfuko unapata nafasi.

Ni kweli, magari mengi ya huku kwetu ni ya zamani, na mengine mfuko huo hayana kabisa. Mzee alisema hiyo haibadilishi kitu. Mikono ikikaa sawa pande mbili, jiwe likipiga gurudumu unalisikia mapema na unazuia bila kuvuta kupita kiasi. Kwa njia kama ile ya Nyabiondo kwenda Walikale aliongeza jambo ambalo hatukulijua: vidole gumba vilale juu ya duara, visiingie ndani. Gurudumu likigonga jiwe au likianguka shimoni, zile fito za katikati ya usukani zinazunguka ghafla na kupiga kidole. Ndiyo yaliyompata kijana wetu. Na katika tope usishike kama unakamua nguo. Mikono miwili, lakini laini, kwa sababu mifereji yenyewe inaongoza magurudumu, na anayepigana nayo ndiye anayejikuta kando ya njia.

Kuna magari yanayotufikia kutoka upande wa Mombasa na Kampala yakiwa na usukani kulia, na sisi huku tunatembea kulia kwa barabara. Shofere wa gari hilo hawezi kuona vizuri mbele ya lori anapotaka kulipita. Mama aliyeketi mbele kushoto ndiye anaona kwanza. Usisinzie hapo. Mwambie, "Papa, ngoja, kuna moto inakuja."

Kwa wamama walioanza kujifunza kuendesha, nasi tunawafurahia sana: kati ya kifua chako na katikati ya usukani iwe sentimeta 25 hivi. Mwenye mimba asogeze kiti nyuma kadiri miguu inavyofika, usukani uelekee kifua wala si tumbo, na mkanda wa chini upite chini ya tumbo. Lakini jambo linalotuumiza zaidi ni watoto kupakatwa na anayeendesha. Tunaliona hata kwa wababa wenye akili zao, eti mtoto anapenda kushika usukani. Mtoto huyo amekaa kati ya chuma na kifua cha baba. Gari likigonga, uzito wote wa baba unamjia.

Kwenye kizuizi, mikono ibaki juu ya usukani, ionekane, mpaka aliyesimamisha aseme. Hilo halihitaji maelezo kwa watu wa huku.

Na moto? Wengi wetu hatupandi gari mara kwa mara, tunapanda moto na mfuko wa muhogo mbele na mtoto mgongoni. Mkono wa kulia wa motari unashika moto na breki ya mbele. Wa kushoto unashika klachi. Akichukua simu kwa kulia, breki ya mbele hana. Akichukua kwa kushoto, hawezi kubadilisha vitesi vizuri kwenye mteremko. Hakuna mkono wa ziada. Hata vijana wa chukudu wanaoteremsha viazi wanajua hili: wanashika pembe zote mbili, na breki wanakanyaga kwa mguu.

Tulikubaliana kwamba neno lisemwe kabla ya kuondoka, wakati mizigo bado iko chini na nauli bado iko mkononi mwetu. Tulijaribu siku ya kurudi. Shofere alikuwa mwingine, mtu mzima. Mama mkubwa kati yetu alimwambia kwa upole, "Papa, sisi tuna watoto nyumbani. Simu yako tutakushikia sisi." Alimtazama kidogo, akacheka, akampa. Ililia mara nne kabla ya Masisi. Mara ya tatu alikuwa bibi yake, tukamjibu kwamba yuko njiani na anaendesha vizuri.